Vidonge Ndani ya Kopo la Kimea

Mke mwenzangu, mjukuu wangu Kalunde,

Salamu sitaandika. Tumeamkiana leo asubuhi, na shikamoo yako niliiona: uliitoa ukitazama ukuta. Nikaitikia marahaba nikidhani ni uchungu wa safari. Sasa najua haikuwa safari.

Umekwenda Kipalapala kumuaga shangazi yako Hadija, ukasema utarudi magharibi. Basi nina muda kidogo. Kalamu siijui, wewe unalijua hilo; shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo kichwani. Anayeandika ni Mama Shani, jirani yetu fundi cherehani. Nimemwapisha kwamba ataandika ninavyosema, asinishonee maneno. Ameanza kwa kuniuliza kama aweke "natumaini u mzima wa afya". Nimemwambia aache. Hilo ndilo hasa nisilolijua.

Sikuandikii habari za kufunga mlango, wala za kuvaa sweta, wala za wanaume wa Dar es Salaam. Hayo unayajua, na usiyoyajua yatajifundisha yenyewe. Nakuandikia jambo moja tu.

Leo saa nne nilibandika uji wa togwa yako ya njiani. Uji ukaiva, nikauepua, nikaungoja upoe uwe vuguvugu. Nikatia mkono kwenye kopo la kimea. Vidole vikagusa kitu kigumu. Nikasema, panya huyu amethubutu. Nikavuta, likatoka fundo la kitambaa cha kanga yangu ya zambarau, ile iliyochanika. Nikalifungua.

Vidonge vyako, mwanangu. Vyeupe, vimelundikana, zaidi ya vya mwezi mmoja. Na chini yake kabisa, mfuko wa nailoni wenye unga wa njano na picha ya papai.

Nilikaa chini. Sikutafuta kiti, nilikaa palepale kwenye majivu. Kila asubuhi nimekusikia ukimimina maji kwenye glasi. Nimekusikia ukimeza. Kumbe ulikuwa unameza maji.

Nikamwita Mama Shani juu ya ua. Utakasirika kwamba amejua. Kasirika. Nilihitaji mtu wa kunisomea mfuko ule, na macho yangu hata kama yangesoma leo yasingeona. Akasoma: "Vimeng'enya asilia. Husafisha ini. Huyeyusha virusi. Achana na vidonge vyenye sumu." Akanitazama, akauliza, "Bi Mwanaidi, nani ana ini humu ndani?" Nikamwambia, "Kila mtu ana ini, mjinga wewe." Kisha nikalia, nikamwambia yote. Kwamba una homa ya ini ya B, kwamba marehemu mama yako alikuwa nayo, kwamba umepewa kidonge kimoja kila siku ya Mungu.

Nakwambia alichofanya, maana najua unachokiogopa huko hosteli uendako, kwamba wakijua watakukwepa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kikombe chako cha bluu, hakukisuuza, akateka togwa ya jana, akanywa mpaka chini. Akasema, "Ina sukari ya kutosha." Basi. Hakusogeza hata kigoda chake.

Sasa sikiliza nilichofanya mimi.

Nilikuwa na uji wangu vuguvugu, mzito, upawa umesimama ndani yake kama askari. Nikaugawa kwenye bakuli mbili. Moja nikatia kimea changu, konzi moja, nikakoroga. Nyingine nikatia ule unga wako wa papai, konzi moja na nusu, ili usije ukasema nimeupunja. Nikafunika zote. Mama Shani akacheka, akasema, "Bibi naye ana maabara." Nikamwambia anyamaze, mtihani unaendelea.

Hata adhuhuri haikufika. Uji wa kimea ulikuwa umelegea, unatiririka, mtamu, kama unavyoujua. Uji wa unga wako ulikuwa vilevile. Upawa umesimama, askari hajatoka zamu.

Najua utasema nini. Utasema, "Bibi, kila kimeng'enya kina kazi yake moja." Wewe ndiye uliyenifundisha. Kwa hiyo nikachukua kipande cha nyama ya yule kuku mzee wa kitoweo chako cha njiani, nikakigawa vipande viwili vya ukubwa mmoja. Kimoja nikakipaka utomvu wa papai bichi la uani, kingine unga wako wenye picha ya papai. Cha utomvu wa uani kimelainika, kinabonyea kwa kidole. Cha unga wako ukimtupia mtu utamtoa jino. Bakuli zote nimekuachia juu ya kabati, ukazione mwenyewe. Huo unga hauwezi hata uji. Hauwezi hata kuku aliyekufa. Utaweza ini lako lililo hai?

Mama Shani anasema nisikufokee. Mimi sifoki, naogopa. Kwangu mimi vinatoka kwa sauti moja.

Unaikumbuka ile likizo uliporudi chuoni, ukakaa hapa jikoni ukinitazama nakoroga? Ulikuwa na miezi michache tu tangu chuo kiwapime damu nyote wa maabara kabla ya kuwachanja, na wenzako wakachanjwa, na wewe ukaambiwa chanjo imechelewa, mdudu ameshaingia. Ulikuwa umekonda kwa mawazo. Nikatia kimea kwenye uji, uji ukalegea, na wewe kwa mara ya kwanza ukatabasamu. Ukaniambia, "Bibi, unajua unachofanya? Hicho ni kimeng'enya."

Nikasema, "Hiki ni kimea cha ulezi."

Ukasema ndani ya kimea mna kitu kidogo kisichoonekana, kazi yake kukata uji vipande vipande. Ukaniuliza kwa nini sikukitia kimea uji ukiwa unatokota. Nikakwambia kila mwanamke anajua, ukikitia kwenye moto kinakufa. Ukapiga makofi. "Nani alikufundisha hayo?" Nikasema, "Njaa." Ukacheka mpaka ukashika mbavu, nami nikafurahi kuliko siku uliyofaulu, maana nilikuwa sijasikia kicheko chako tangu upimwe.

Usiku ule ulinieleza mengine, polepole, kama mtu anayemlisha mtoto. Kwamba kidonge kinamzuia mdudu asizae, lakini hakimng'oi. Mzizi wake umejificha ndani kabisa ya ini, kidonge hakiufikii. Kwamba kuna watu wanatafuta kimeng'enya cha kwenda kuukata mzizi ule peke yake, bila kukata kitu cha mwenye mwili. Na kwamba mwalimu wako amepata nafasi kwenye maabara ya namna hiyo huko Dar es Salaam, huenda akakuchukua, kama alivyokuchukua sasa. Nikakuuliza, "Dawa hiyo ipo lini?" Ukasema, "Bado, Bibi. Ni mambo ya kwenye vichupa. Huenda nikazeeka kwanza." Nikasema, "Basi zeeka na kidonge kwanza." Ukaitikia.

Na ukaniambia jambo jingine, ndilo lililonisumbua leo kuliko yote. Nilikuuliza, kama kimeng'enya ni kitu kizuri hivyo, mbona mtu asikinywe tu? Ukasema, "Kimeng'enya chenyewe ni kama nyama, Bibi. Ukikimeza, tumbo linakila. Hakifiki kwenye ini kikiwa hai." Maneno yako. Mimi nisiyesoma ninayakumbuka, na wewe uliyesoma ukaenda ukanunua unga kwenye simu.

Nimekaa nalo hilo tangu adhuhuri. Mwanzoni nilisema, mtoto huyu ni mjinga. Kisha nikasema hapana, si mjinga. Kalunde anaogopa. Ulipokaribia mwezi wa Ramadhani uliniambia, ukichambua mchele, hukuinua hata uso: "Bibi, nimechoka kuwa mgonjwa kila siku saa moja asubuhi." Nikakwambia umshukuru Mungu kwamba unacho cha kumeza. Nilijibu haraka. Ulikuwa unanifungulia mlango nami nikaufunga kwa jina la Mungu. Hilo ni kosa langu, lichukue, usilibebe wewe.

Lakini lipo kubwa kuliko hilo. Mama Shani, usinitazame hivyo, andika.

Ulikuwa na miaka saba mama yako Tausi alipoanza kuumwa. Unakumbuka tumbo lake, maana ulikuwa unaliuliza kama mna mdogo wako. Hapakuwa na mdogo, yalikuwa maji. Macho yake yalikuwa na rangi ya bizari. Hospitali walimpima, wakampa vidonge, wakasema avimeze kila siku asikose. Nami nikaona amekunywa wiki mbili na hali ni ileile, tena anatapika. Nikasema vidonge hivi vinamkausha mwanangu.

Nilipanda baiskeli ya kubebwa mpaka Sikonge, kwa mzee mmoja aliyekuwa akirina asali na kutoa dawa. Hakunidanganya kwa nia mbaya, namwambia Mungu hivyo mpaka leo. Aliniuliza, "Ini limekuwaje?" Nikasema hospitali wamesema limekuwa gumu. Akafikiri. Akasema, "Kinacholainisha nyama ngumu jikoni kwako ni nini?" Nikasema papai bichi. Akasema, "Na kinacholegeza uji mzito?" Nikasema kimea. Akasema, "Basi unayo dawa, umekuja kufanya nini huku?" Akanipa asali, hakutaka hata shukrani.

Kalunde, ilikuwa na akili! Ndiyo maana nakwambia. Uongo usio na akili haumpati mtu kama mimi. Ule ulikuwa na akili ya jikoni, akili yangu mwenyewe. Nilirudi nikicheka peke yangu juu ya baiskeli, kwamba dawa ya mwanangu ilikuwa kwangu siku zote. Nikamnywesha Tausi utomvu wa papai na kimea na asali, asubuhi na jioni. Na vidonge vya hospitali nikaviondoa. Hakukataa. Tausi hakuwahi kunikatalia kitu, ndiye mtoto wangu mtiifu, si kama wewe. Aliniuliza mara moja tu: "Mama, na vile vyeupe?" Nikasema, "Vile vimekwisha."

Havikuwa vimekwisha. Nilivifunga kwenye kitambaa nikavizamisha kwenye kopo la kimea.

Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni, unakula kiporo. Nilikuona umeniona. Nikaweka kidole mdomoni mwangu, hivi, nawe ukaweka chako mdomoni mwako, ukacheka, ukadhani ni mchezo wetu.

Miaka yote hii nimejiambia mtoto wa miaka saba hakumbuki. Leo nimetia mkono kwenye kopo lilelile, nikatoa fundo la namna ileile. Nani alikufundisha kwamba vidonge vinafichwa humo? Si chuo. Mimi ndiye niliyekufundisha, kwa kidole kimoja.

Tausi alikufa kabla ya mahindi kukomaa. Nilimuuliza daktari baadaye, nikiwa nimeshajua nilichofanya, nikamuuliza kama angepona. Alikuwa kijana, alikosa pa kutazama. Alisema ini lilikuwa limeshaharibika sana, huenda vidonge vingempa muda, huenda visingetosha. "Sijui, Mama," alisema. Basi nimelala na hiyo "sijui" miaka yote. Natamani angeniambia ni mimi niliyemuua, ningelia nikamaliza. Natamani angeniambia si mimi. Hakuniambia lolote kati ya hayo, na mimi ndivyo ninavyoishi.

Watu hunisifu kwa togwa. Wanasema togwa ya Bi Mwanaidi hakuna mfano wake mtaa wetu mzima wa Ng'ambo. Hawajui kwamba kila nikitia mkono kwenye kopo lile, natafuta kwanza kwa vidole kama mna fundo. Kila siku, Kalunde. Miaka yote nilitafuta nikakuta kimea kitupu, nikasema alhamdulillahi. Leo nimekuta.

Unajua muuguzi alisema nini siku ile tuliyokwenda wote. Alisema mtu akiacha ghafla, mdudu huamka na hasira, na ini laweza kuwaka siku chache tu. Alikutazama wewe, lakini mimi ndiye niliyeshika. Sasa hesabu yangu ni hii: umeacha kwa zaidi ya mwezi, na kesho jioni unapanda treni, usiku mzima na mchana, mbali na kila anayekujua. Nakuona kwenye behewa umekuwa na macho ya bizari na jirani yako anadhani ni taa. Mama Shani anasema nisiandike hayo. Nimemwambia ayaandike mara mbili. Ameandika mara moja.

Hapa katikati tumekunywa maji. Adhana ya alasiri imekwisha, jua limefika kwenye tanki la jirani.

Kuna jambo nililolificha mimi pia, na ni haki yako kulijua kabla sijakuomba chochote.

Tangu upimwe, umeniomba nami nikapimwe. Mara ya kwanza nilisema miguu inauma. Mara ya pili nikasema hospitali kuna foleni. Mara ya tatu nikakutukana, nikakwambia mtoto hampimi bibi yake. Uliniambia kwa upole mdudu huyu mara nyingi hutoka kwa mama kwenda kwa mtoto siku ya kuzaliwa, kwamba mtu aweza kukaa naye miaka mingi asihisi kitu, ini linakwisha kimyakimya. Ulidhani sikuelewa. Nilielewa siku ileile. Nimezaa Tausi, Tausi amekuzaa wewe. Nikitoa damu wakakuta mdudu, basi yawezekana njia yote ilianzia kwangu. Nitakuwa nimempa mwanangu ugonjwa, kisha nikamnyang'anya dawa. Nitayaweka wapi hayo mawili, kwa umri huu?

Kwa hiyo nimekaa nikikukemea umeze, na mimi mwenyewe nimekimbia tone moja la damu. Wewe umeficha vidonge kwenye kopo, mimi nimejificha nyuma ya miguu inayouma. Tumelingana, mke mwenzangu. Babu yako angetucheka wote wawili.

Sasa sikia habari ya zamani, ni fupi. Bibi yangu aliniambia baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, kwa njia hiihii ambayo reli yako inaifuata. Miezi kwenda, miezi kurudi, wengine hawakurudi. Na mke aliyebaki hakukaa tu. Alikuwa na miiko yake ya kushika nyumbani siku zote mumewe akiwa njiani. Waliamini akiivunja, mzigo unamwelemea mume wake kule porini, au homa inampata, hata kama yeye njiani hajakosea kitu. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza bibi, "Sasa kosa la huyu linamfikiaje yule?" Akasema, "Safari ni moja. Mmoja amebeba mzigo, mmoja amebeba mwiko."

Sikuwa nimeifikiria habari hiyo miaka mingi. Leo nilipokaa kwenye majivu ndiyo iliyonijia. Nimekuwa nikikutuma njiani huku nimeuvunja mwiko wangu.

Basi haya ndiyo maneno yangu, na si amri. Nilikwisha amuru sana, na mama yako alitii.

Kesho treni ni jioni. Asubuhi tuna saa nyingi. Twende hospitali wote wawili. Wewe umwambie daktari ukweli, siku ulizoacha, na huo unga, umpeleke na mfuko wenyewe. Usianze kumeza kimyakimya kama mtu anayerudisha sufuria aliyoiba; yeye ndiye atakayesema uanze vipi, na kama ini linaruhusu kusafiri. Akisema usisafiri, husafiri. Maabara itangoja. Kama ilingoja miaka yote kupata hicho kimeng'enya cha kukata mzizi, itangoja wiki mbili kumpata Kalunde akiwa mzima.

Na mimi nitakaa kwenye kiti kile kilichonishinda, nitanyoosha mkono, watachukua damu. Majibu yakitoka mabaya, utayasikia kutoka mdomoni mwangu, sitamtuma mtu. Nami nikiambiwa nimeze, nitameza. Saa moja asubuhi mimi hapa, saa moja asubuhi wewe huko. Ulisema umechoka kuwa mgonjwa kila asubuhi. Pengine kuanzia kesho hutakuwa peke yako. Nisamehe kwa kutamani hivyo, nusu natamani na nusu naogopa.

Huko uendako utakaa na watu wenye vichupa. Waheshimu, jifunze kila walicho nacho. Mimi nisiyesoma naamini kimeng'enya hicho kitapatikana. Nimeona konzi moja ya ulezi ikiulaza uji wa kulisha harusi, siwezi kukataa kwamba kitu kidogo chaweza kufanya kazi kubwa. Lakini nawe uliniambia uji una kimea chake na nyama ina utomvu wake. Ini lako bado halijapatiwa chake. Siku kikipatikana, kikapimwa, daktari akakupa kwa mkono wake, nitacheza ngoma hapa uani kwa magoti haya mabovu. Mpaka siku hiyo, cheupe. Kidogo, kichungu, cha kila siku. Kaa nacho hai ili uwe na macho ya kukitafuta kile kingine. Wakikosa mtu wa kukipata, watakosa kwa sababu Kalunde alikufa kwa unga wa kwenye simu? Haya si maneno ya kwenye barua, lakini ndiyo ninayoyaona nikifumba macho.

Kuhusu wenzako wa hosteli: sikulazimishi kumwambia mtu. Lakini ukimpata mmoja mwenye moyo wa Mama Shani, mwambie. Utamjua kwa kikombe.

Vidonge vyako sijavitupa. Viko juu ya kabati, kwenye kile kitambaa, kando ya zile bakuli, mbele ya macho ya kila anayeingia. Unga nao upo, nimeuandalia safari ya hospitali. Kopo la kimea nimelimwaga lote. Kimea nimewapa kuku, nitaotesha kingine. Kopo nimelisugua kwa majivu na mchanga mpaka likang'aa, nimelianika juani, na sasa limekaa mlangoni mdomo wazi, halina kitu. Barua hii ndiyo nitakayoiweka ndani yake. Najua ndipo utakapotazama kwanza ukirudi.

Sitakuuliza neno usiku wa leo. Tutakula, tutafunga mizigo, utanisimulia ya Hadija na mbuzi wake. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunikasirikia kwa ajili ya mama yako, nikasirikie, ninalisubiri hilo tangu ulipokuwa na miaka saba. Ni haki yako, sitajitetea.

Lakini kesho kukipambazuka nitakuwa nimekaa kizingitini, nimevaa viatu, nimejifunga ile kanga ya zambarau iliyochanika, mkono mmoja nimeukunjua tayari. Ukitoka na lile fundo mkononi, tutakwenda. Ukitoka bila fundo, nitakwenda peke yangu, nitatoa damu peke yangu, kisha nitarudi nikae palepale mpaka treni yako ipige honi, kwa sababu mwiko ni wangu hata ukikataa mzigo.

Ila ukitoka, mwanangu, kwa vyovyote utakavyotoka, nipe shikamoo ukinitazama usoni.

Mimi mke mwenzako,
Bi Mwanaidi, kwa mkono wa Mama Shani, aliyelia mara mbili nikamkataza asiniloweshee karatasi.